Kasha la Bandarini na Ghala la Kakamega

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme, vita, na mapatano yaliyotiwa sahihi na watu wakubwa. Fikira hiyo si ya uongo, lakini haijakamilika. Vitu vidogo navyo vina historia yao: ubao, karatasi, muhuri na mdudu. Insha hii yataka kukueleza, ewe msomaji, habari ya sheria moja ambayo watu wachache huifikiri. Ni sheria inayotaka mimea iingiayo nchini iwe na cheti cha afya, na mbao zilizofungiwa bidhaa za ng'ambo ziwe zimetiwa joto au dawa kabla ya safari. Sheria hiyo hutekelezwa katika bandari ya Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kutoka Kakamega. Lakini ikivunjwa, atakayeumia kwanza si nahodha wala mwenye meli. Ataumia mkulima wa Kakamega, ambaye huenda hajaiona bahari maishani mwake, siku atakapofungua ghala lake akakuta unga mahali alipoweka mahindi.

Tuanze na neno lenyewe. Karantini ni neno litokalo katika hesabu ya siku. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wasafiri waliotoka penye tauni wangoje siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo ziliongezwa zikawa 40, na kwa kuwa Waitalia huita arobaini quaranta, jina likashika hata leo. Desturi hiyo ilienea katika bandari nyingi za dunia, na pwani yetu nayo iliijua. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji wa Unguja, lilijengwa gereza katika miaka ya 1890. Lakini kisiwa kikatumiwa kuwa mahali pa kuwazuilia wasafiri wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi. Maana ya karantini, basi, ni kungoja. Mgeni hafukuzwi, ila huombwa akae kando kidogo mpaka ijulikane amekuja na nini.

Ilichukua muda mrefu watu kutambua kwamba si binadamu peke yake apaswaye kungojwa. Afrika ilifundishwa jambo hilo kwa uchungu mwingi. Katika miaka ya mwisho ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Hapakuwa na mtu wa kuuzuia. Ukashuka kusini, ukawapiga Wamasai na majirani zao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kufikia mwaka 1896 ulikuwa umekwisha kuvuka mto Zambezi. Mifugo ilikufa kwa wingi usio kifani, na njaa ikawafuata wenye mifugo. Dunia haikutangaziwa kwamba imeokoka na sotoka mpaka mwaka 2011. Basi kosa la siku chache katika bandari moja lilidaiwa malipo kwa zaidi ya miaka 120.

Kwa upande wa mimea, walioumia na kuamka mapema walikuwa Wazungu. Mdudu mdogo wa mizabibu, aitwaye filoksera, alitoka Marekani akafika Ufaransa katika miche, na tangu miaka ya 1860 alianza kuangamiza mashamba yaliyolimwa na watu kwa karne nyingi. Hatimaye, mwaka 1881, mataifa kadhaa ya Ulaya yalikubaliana katika mji wa Bern kwamba miche isivuke mpaka bila hati ya mkubwa wa serikali. Hiyo ndiyo asili ya karatasi ambayo leo tunaiita cheti cha afya ya mimea. Angalia, msomaji, mpango wa mambo ulivyokuwa: hasara ilitangulia, sheria ikafuata. Utauona mpango huo tena na tena katika habari hii.

Huenda ukauliza: haya yote yanahusu nini Kakamega, mji ulio barani, mita 1,500 hivi juu ya bahari, kando ya msitu mkubwa wa mvua? Jibu ni kwamba Kakamega haikupata kuwa mbali na dunia tangu reli ilipofika ziwani. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Tangu siku hiyo kitu kilichoteremshwa pwani kiliweza kufika Nyanza kwa siku chache, ambapo zamani msafara wa miguu ulihitaji miezi. Mwaka 1931 dhahabu ilipogunduliwa karibu na Kakamega, wachimbaji walimiminika kutoka pande nyingi, na mitambo yao ikaletwa kwa meli, kwa reli, na kwa barabara za udongo. Siku zile hapakuwa na mahali popote duniani palipokuwa na alama moja ya mataifa yote ya kuonyesha kwamba mbao za kasha zimetibiwa. Kasha lilifunguliwa, mtambo ukatolewa, na mbao zikatumiwa kama mwenyewe alivyopenda.

Tena, tukitazama shamba la Kakamega tutaona kwamba karibu kila kilichomo ni mgeni. Mahindi asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Yaliletwa pwani na Wareno, na kuenea katika sehemu za magharibi ya Kenya hasa katika karne ya 20. Mkaratusi ulitoka Australia. Msaipresi wa ua na wa mbao ulitoka Mexico na Amerika ya Kati. Muwa na mchai asili yake ni Asia. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli wageni hawa wamewaponya wenyeji wengi kwa chakula, kuni na fedha. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kufikiri kwamba karantini ni chuki ya vitu vya kigeni. Kama babu zetu wangalifunga mlango kabisa, leo pasingekuwa na ugali wa mahindi mezani. Karantini humkaribisha mgeni, lakini hukataa mwizi aliyejificha ndani ya mzigo wake.

Mwizi mmoja wa namna hiyo anastahili kuelezwa kwa kirefu, maana habari yake ni yetu. Katika miaka ya mwisho ya 1970, mkoani Tabora nchini Tanzania, wakulima waliona mdudu wasiyemjua katika mahindi yao. Alikuwa mdogo, mwenye urefu wa milimita 3 au 4, rangi yake ya kahawia iliyokolea karibu na weusi. Mwaka 1981 wataalamu walitangaza kwamba ni mdudu wa Amerika ya Kati ambaye kabla ya hapo hakuwa amejulikana Afrika. Inaaminiwa kwamba aliletwa katika mahindi yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Wakulima walimpa jina la dumuzi, na wengine wakamwita Skania, kama lori kubwa. Fikiri, msomaji: mahindi yalikuwa yamekaa Afrika kwa miaka 400 hivi bila adui huyu, ambaye walizaliwa naye katika nchi moja. Bahari ilikuwa imewatenga, biashara ikawakutanisha.

Dumuzi hana tabia ya vifukusi vya kawaida ambavyo mkulima alikuwa amezoea kupambana navyo. Yeye hutoboa bunzi zima, na anavyotoboa huacha vumbi jingi kama unga uliosagwa. Katika maghala ya Tanzania ilionekana kwamba palipozidiwa kabisa, karibu theluthi ya uzito wa mahindi ilipotea kwa muda wa miezi 6 au chini ya hapo. Kwa mtu wa mjini hiyo ni hesabu tu. Kwa mama wa nyumba mwenye magunia 9 ya kulisha watoto mpaka mavuno mengine, hiyo ni magunia 3 yaliyogeuka vumbi, na maana yake ni miezi kadhaa ya kununua chakula sokoni wakati bei imepanda. Karo ya shule hutoka wapi mwaka kama huo? Swali hilo halimo katika vitabu vya wadudu, lakini ndilo linaloulizwa nyumbani.

Mwaka 1983 dumuzi alionekana Kenya, katika sehemu za Taveta mpakani. Hakuhitaji pasipoti wala kibali. Alisafiri katika magunia na katika malori, akaenea sehemu nyingi za nchi, hata magharibi. Wataalamu walikwenda kumtafuta adui wake wa asili huko Amerika ya Kati, nao wakampata mdudu mwingine mdogo anayemla. Mdudu huyo wa pili alichunguzwa kwanza, ili ijulikane kama hatadhuru kitu kingine, ndipo mwaka 1992 akaachiliwa huru katika Kenya. Msaada wake ulikuwa na faida, lakini haukumaliza shari. Dumuzi yupo nasi mpaka leo, na mkulima analipa gharama ya dawa, magunia maalumu yasiyopitisha hewa, au mapipa ya bati. Mdudu mgeni akishaingia na kuzaa, ni nadra sana kumwondoa.

Sasa nataka uangalie jambo moja la ajabu katika maumbile ya dumuzi, kwa sababu ndilo linalounganisha ghala na kasha. Ndugu zake wengi ni wadudu watoboao mbao, na yeye mwenyewe huweza kuishi ndani ya mti mkavu. Katika ghala lililokwisha kumalizwa mahindi, hujichimbia katika nguzo na fito akangoja mavuno mapya. Basi ukaguzi wa nafaka peke yake hautoshi. Mtu anaweza kuwa na cheti safi cha mahindi yake, na adui akawa amelala ndani ya ubao ulio chini ya magunia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na nguo ya bidhaa ni kasha lake.

Jambo hili likawa kubwa zaidi kwa sababu ya badiliko lililotokea katika uchukuzi. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, nchini Marekani, ikiwa imebeba masanduku 58 makubwa. Huo ndio uliohesabiwa kuwa mwanzo wa biashara ya kontena kama tuijuavyo. Kabla ya hapo wachukuzi wa gatini walishika kila gunia na kila sanduku kwa mikono yao, na mengi yakaonekana. Kontena ilileta wepesi mkubwa: bidhaa hufungiwa kiwandani, kutiwa lakiri, na kufunguliwa mwisho wa safari. Kwa njia hiyo wizi wa mizigo ulipungua na gharama ikashuka sana. Lakini kile kilichomzuia mwizi asiingie kilimzuia mkaguzi naye asione. Kontena moja huweza kutoka China, ikapita Mombasa, ikafika nchi ya bara, na mlango wake usifunguliwe ila mbele ya duka la mnunuzi.

Ndani ya kontena mna mbao nyingi kuliko watu wadhanivyo. Kuna makasha ya mitambo. Kuna majukwaa ya mbao, yaitwayo paleti, ambayo mzigo huwekwa juu yake ili uinuliwe na mashine. Na kuna vipande vya mti vinavyopigwa kati ya mizigo ili isisogee baharini. Kwa kuwa kazi ya mbao hizo ni ya safari tu, mwenye mali hatumii mti bora. Hutumia mti rahisi, mara nyingi mbichi, wenye maganda bado. Na chini ya ganda ndipo mahali wadudu wapendapo kutaga mayai.

Marekani ilijua hayo baada ya kuumia. Mwaka 1996, katika mtaa wa Brooklyn mjini New York, watu waliona miti ya barabarani ikitobolewa na mdudu mkubwa mweusi mwenye madoa meupe na pembe ndefu, ambaye kwao ni Asia ya mashariki. Mwaka 1998 akaonekana Chicago pia. Miti maelfu ilikatwa na kuharibiwa ili kumzuia. Mwaka 2002 mdudu mwingine wa Asia, wa rangi ya kijani king'aacho, akagunduliwa karibu na Detroit. Huyo ameua makumi ya mamilioni ya miti. Wote wawili wanaaminiwa kuwa walisafiri katika mbao za kufungia bidhaa. Hakuna aliyewanunua wala aliyewaagiza. Walikuja bure, na gharama yao ikawa kubwa kuliko bei ya bidhaa zilizowaleta.

Kwa bahati njema, chombo cha mataifa kushauriana kilikuwa tayari. Mwaka 1951, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ulitengenezwa Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, ukaanza kutumika mwaka 1952. Mwaka 2002 nchi za mkataba huo zilipitisha kanuni ya namba 15, ambayo inahusu mbao za kufungia bidhaa. Kanuni yenyewe si ngumu kuielewa. Mbao zitiwe joto mpaka kiini chake kifikie digrii 56 za Selsiasi, na joto hilo lidumu dakika 30 bila kukatika. Ama zifukizwe kwa dawa iliyokubaliwa. Ilipotazamwa upya mwaka 2009 ikaagizwa pia kwamba mbao ziambuliwe maganda. Ubao uliotengenezwa kwa gundi, joto na mkandamizo hauhusiki, kwa kuwa mdudu hawezi kuokoka katika kazi hiyo; wala ubao mwembamba usiozidi milimita 6.

Mbao zilizokwisha kutibiwa hupigwa chapa. Chapa hiyo unaweza kuiona wewe mwenyewe hapo Kakamega, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi au penye karakana yoyote. Ina picha ya suke la ngano upande mmoja. Upande wa pili zipo herufi mbili za nchi iliyotengeneza, kama vile KE kwa Kenya au CN kwa China. Kisha namba ya mtengenezaji. Kisha herufi za matibabu, HT kwa joto na MB kwa dawa ya methili bromaidi. Haiandikwi kwa mkono, wala haifai kuwa nyekundu au ya rangi ya machungwa, kwa sababu rangi hizo hutumiwa kuonyesha mizigo ya hatari. Alama ndogo kama hiyo husomwa na mkaguzi wa Mombasa, wa Rotterdam na wa Shanghai bila mkalimani.

Kenya ilikuwa na sheria yake ya kulinda mimea tangu mwaka 1937, wakati wa ukoloni. Baadaye kituo cha Muguga, karibu na Nairobi, kilifanywa mahali pa kuwekea mimea migeni chini ya ulinzi ili itazamwe kabla ya kupewa wakulima. Mwaka 1996 kazi hizi zikawekwa mikononi mwa shirika moja, KEPHIS, ambalo ndilo mkaguzi wa afya ya mimea nchini. Na mwaka 2012 likapewa sheria yake lenyewe. Maofisa wake wapo bandarini, katika viwanja vya ndege na mipakani.

Hebu tufuate safari ya kontena moja ya mfano. Tuseme mfanyabiashara wa Kakamega ameagiza mbegu za mboga pamoja na mashine za kusaga. Kwa mbegu, hana budi kuomba kibali cha kuingiza mimea kabla mzigo haujaondoka huko utokako, kwani kibali humweleza muuzaji masharti ya Kenya. Mkaguzi wa nchi ile huzitazama mbegu, huzipima kwa masharti hayo, kisha huandika cheti cha afya ya mimea: jina la mmea, wingi wake, ulikotoka, unakokwenda, na dawa uliyotiwa. Kwa mashine hahitaji cheti hicho, kwa maana chuma hakiliwi na mdudu. Lakini kasha na paleti zake lazima ziwe na chapa ya suke la ngano. Karatasi hizi hufuatana na hati ya shehena, ankara na orodha ya bidhaa, na wakala wake huzipeleka kwa maofisa wa afya ya mimea na wa forodha.

Ikiwa mbao hazina chapa, au zina chapa lakini zimejaa matundu mapya na vumbi, ofisa ana njia tatu. Anaweza kuamuru zitibiwe, anaweza kuamuru zichomwe moto au zifukiwe, ama anaweza kuukataa mzigo urudi ulikotoka. Kila njia ina gharama, na mwenye mali ndiye mlipaji.

Hapo ndipo malalamiko yanapozuka, na si haki kuyapuuza. Mfanyabiashara mdogo hukopa fedha ili aagize mzigo. Kila siku kontena ikaapo bandarini analipa ada, na huku deni linakua. Yeye hakuzipigilia misumari mbao zile. Zilifungwa na mtu asiyemjua, upande wa pili wa dunia. Kwa nini aadhibiwe? Jibu la kweli ni kwamba sheria haimwadhibu kwa ubaya wake, bali inamwomba achukue mzigo ambao vinginevyo utachukuliwa na watu wasiohusika kabisa. Gharama ya paleti kuchomwa hulipwa mara moja, na mtu mmoja ambaye anaweza kumdai muuzaji wake. Gharama ya mdudu aliyeingia hulipwa kila mwaka, na watu wasio na wa kumdai. Walakini serikali nayo ina wajibu wake: kazi ya ukaguzi iwe ya haraka, masharti yajulikane mapema, na ada ziwe wazi. Sheria njema ikitekelezwa kwa uvivu hufundisha watu kuikwepa.

Tena kuna hatari kubwa kuliko kuchelewa, nayo ni uongo. Chapa ni wino tu. Mtu mwovu anaweza kuipiga juu ya ubao mbichi, na karani asiye mwaminifu anaweza kutia muhuri mahali ambapo jicho lake halikutazama. Karatasi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa karatasi, maana aliyekosa hati hushukiwa akachunguzwa, lakini mwenye hati ya uongo hupitishwa kwa heshima. Thamani ya cheti haimo katika muhuri. Imo katika dakika 30 za joto zilizopita kweli, na katika macho ya mtu aliyeinama akatazama kweli.

Sheria yenyewe haina ukamilifu, nawe yafaa ulijue hilo. Methili bromaidi huua wadudu vizuri, lakini huharibu tabaka la hewa linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Kwa hiyo mataifa yamepunguza sana matumizi yake chini ya Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, yakaacha nafasi kwa kazi ya karantini. Ndiyo sababu joto hupendelewa. Tena mbao si mlango wa pekee. Mwaka 1990 vidukari wa misaipresi waliingia Kenya wakaikausha miti na nyua za watu. Mwaka 2002 kinyigu mdogo mno atokaye Australia alionekana katika mikaratusi ya Kenya magharibi, akiyafanya majani yavimbe na miche idumae. Mwaka 2011 ugonjwa mkali wa mahindi ulionekana katika sehemu za Bomet, ukawaacha wakulima wengine bila mavuno. Wageni hao hutufundisha kwamba mche na mbegu vyahitaji macho yale yale yanayotazama mbao.

Usisahau, vilevile, kwamba sisi si wapokeaji tu. Chai, kahawa, maua na parachichi za Kenya huvuka bahari kila wiki. Paleti zao lazima ziwe na herufi KE na chapa ya kweli, na mimea iwe na cheti kilichoandikwa na mkaguzi wetu. Chapa moja ya uongo ikigunduliwa katika bandari ya ng'ambo, atakayetiwa shaka si mdanganyifu peke yake. Ni kila mkulima wa Kenya.

Sasa turudi Kakamega, maana safari ya ubao haikomi bandarini. Kontena ikisha kufunguliwa na mashine kutolewa, paleti hazitupwi. Watu wetu hawapotezi mbao. Seremala huzinunua akafanya benchi. Mama huzifanya banda la kuku. Mwenye hoteli huzitia jikoni. Ni jambo jema, kwani ubao uliolipiwa na mwingine umemfaa maskini. Lakini huyo seremala ndiye mkaguzi wa mwisho. Akiona suke la ngano na mti mkavu ulio mzima, na afanye kazi yake kwa amani. Akiona matundu mapya ya mviringo, vumbi laini linalodondoka, au funza chini ya ganda, asiuweke ubao ule karibu na ghala la mahindi wala asiuuze. Auweke mbali, na amwarifu ofisa wa kilimo bila kukawia. Habari ya siku ya kwanza ina faida kuliko dawa ya mwaka wa tano.

Nimekueleza mambo mengi, ya Ragusa na Bern, ya Tabora na Brooklyn. Katika yote hayo watu walitunga sheria baada ya kulia, nasi tuliokuja nyuma tumepewa sheria hizo bila kulia kwanza. Miongoni mwenu mnaosoma ukurasa huu, mmoja atakuwa wakala wa forodha, mwingine karani, mwingine seremala, mwingine atalima shamba la wazazi wake. Kila mmoja atakutana siku moja na kipande cha karatasi kinachotaka sahihi yake, au ubao unaotaka macho yake. Siku hiyo huenda ikawa ya joto, foleni ikawa ndefu, na mwenye mzigo akawa ana haraka. Na akumbuke kwamba mwisho wa foleni ile, ng'ambo ya kilomita 800, kuna ghala la nyasi lenye magunia 9, na watu wanaoyategemea mpaka mavuno mengine.